Birika la Fort Jesus

Wageni wakiingia Fort Jesus hukimbilia mizinga. Picha mbili tatu, halafu wanageukia bahari. Lile shimo lililo wazi mle ndani wanalipita tu. Ni birika, si lile la chai, ni birika la kukusanya maji ya mvua, na mimi naliona ni silaha kuliko mizinga yote.

Wareno walianza kujenga mwaka 1593, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, juu ya mwamba wa matumbawe ukingoni mwa bahari. Hapo maji ya kuchimba ni bahati nasibu. Kipo kisima ngomeni chenye kina cha futi 76, na maji yake yalifaa kuoshea tu. Manake chini ya kisiwa maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi. Ukizidisha kina, umeyapita.

Basi yakabaki ya mawinguni. Lakini huwezi kuchimba tu ukangoja mvua. Matumbawe yana vitundu, yanavuja, kwa hivyo shimo hupigwa lipu ya chokaa. Kisha piga hesabu: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Tuseme mapaa na sakafu za mita 500 za mraba zinamwaga birikani. Mvua ya milimita 100 itakupa lita 50,000, usipopoteza hata tone. Ni mengi, sivyo? Watu 1,000 wakinywa lita 2 kwa siku, siku 25 yamekwisha. Na hujapika, hujaosha mgonjwa.

Machi 1696, masika hayajaanza, Waomani wakaizingira ngome. Shuleni tuliambiwa ni Wareno na Waarabu, kwisha. Kumbe Wareno mle ndani walikuwa wachache. Waliojazana ni mamia ya watu wa pwani hii hii waliokuwa upande wao. Kuzingirwa huko kulidumu hadi Desemba 1698. Hebu fikiria, karibu miaka 3, meli za msaada zikija kwa nadra.

Tauni ikaingia, nayo ndiyo iliyoua wengi. Kufikia mwisho wa Agosti 1697 askari wa Kireno walikuwa wamekufa, na ngome ikashikwa na Sheikh Daud wa Faza, jamaa zake, wanaume Waafrika wachache na wanawake Waafrika wapatao 50.

Hao wanawake ndio hawanitoki akilini. Historia niliyosomeshwa imewahesabu tu. Lakini mtu alishuka birikani kila asubuhi, akatazama alama ya maji ukutani imeteremka kiasi gani, akaamua leo kila mtu atapata kata ngapi. Sidhani alikuwa Sheikh Daud.