Mali Iliyofungwa: Urithi na Usimulizi Upya wa Pride and Prejudice, 1813–2019

Katika tahakiki za riwaya pendwa, hadithi ya mapenzi mara nyingi huhukumiwa kabla ya kusomwa. Husemwa kuwa humtoa msomaji, hasa msomaji mwanamke, katika matatizo yake halisi na kumlaza katika ndoto ya bwana tajiri. Insha hii inaipima hukumu hiyo kwa kuifuata hadithi moja, Pride and Prejudice ya Jane Austen, tangu ilipochapishwa London mwezi Januari 1813 hadi masimulizi mapya yaliyotolewa kati ya 1996 na 2019. Inadaiwa hapa kwamba hadithi hiyo ilikuwa ya ardhi kabla ya kuwa ya mapenzi, na kwamba kila mwandishi aliyeisimulia upya katika mazingira ya leo amelazimika kutafuta kitu cha kukaa mahali pa sheria ya urithi ambayo haitumiki tena. Kile anachokichagua ni ushahidi wa kihistoria, hata kama jalada la kitabu chake lina rangi ya waridi.

Bwana Bennet ana shamba la Longbourn linalomwingizia kiasi cha pauni 2,000 kwa mwaka, na mabinti watano bila mtoto wa kiume. Shamba hilo limefungwa kisheria lifuate warithi wanaume. Hawezi kuwaachia mabinti zake, na siku atakapokufa litakwenda kwa Bwana Collins, jamaa wa mbali ambaye familia hiyo haijawahi hata kumwona. Collins anapomposa Elizabeth, anamkumbusha bila haya kwamba fungu lake ni pauni 1,000 za riba ya asilimia 4, na kwamba hatazipata mpaka mama yake afariki. Maana yake ni pauni 40 kwa mwaka. Darcy ana 10,000. Austen hazitaji tarakimu hizi kwa ajili ya mapambo; kwa msomaji wa 1813 zilitangaza hatari. Charlotte Lucas, mwenye umri wa miaka 27, anamkubali Collins baada ya Elizabeth kumkataa, na riwaya haimfanyi mpumbavu kwa uamuzi huo. Anapata nyumba, na kwa kuwa Collins ndiye mrithi, siku moja atapata na Longbourn.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki aliyezoea mirathi ya Kiislamu hukwama mahali hapa, na kukwama kwake kuna faida. Lau Bwana Bennet angerithiwa kwa sheria hiyo, mali ingegawanywa katika mafungu 24: mkewe angepata thumni, yaani mafungu 3, mabinti, wakiwa zaidi ya mmoja, wangeshirikiana theluthi mbili, yaani mafungu 16, na Collins, akihesabiwa kuwa ndiye asaba aliye karibu, angechukua mafungu 5 yanayosalia. Asingekosa, ila asingemfukuza mtu nyumbani. Mfano huu unaonyesha kwamba woga wa Bi Bennet, ambao vizazi vya wasomaji vimeucheka, si tabia ya kina mama wote wenye mabinti. Unatokana na chombo mahususi cha sheria ya ardhi ya Uingereza. Chombo hicho kilitumiwa kuzuia mashamba makubwa yasikatwekatwe, na gharama yake ililipwa na mabinti.

Mwandishi mwenyewe aliijua gharama hiyo. Baba yake, kasisi, alipofariki mwaka 1805, Jane, dada yake Cassandra na mama yao waliishi kwa msaada wa kaka zake hadi 1809, ambapo kaka yao Edward, aliyekuwa amefanywa mrithi na jamaa matajiri, aliwapa nyumba Chawton. Rasimu ya kwanza ya riwaya hii ilikuwa imekamilika tangu 1797, na mchapishaji aliyepelekewa habari zake aliikataa bila kuisoma. Thomas Egerton ndiye aliyeinunua hatimaye, haki zote, kwa pauni 110, ilhali Austen alitaka 150. Ilitoka katika majuzuu matatu kwa bei ya shilingi 18, bila jina la mwandishi. Bei hiyo iliwashinda wengi, hivyo sehemu kubwa ya wasomaji wa riwaya wa zama zile waliazima katika maktaba za kulipia ada.

Maktaba hizo zimo ndani ya riwaya yenyewe. Collins anapoombwa kuwasomea wenyeji wake baada ya chai, anapewa kitabu, anakitambua kuwa kimetoka katika maktaba ya namna hiyo, anarudi nyuma na kusema kwamba yeye hasomi riwaya kamwe. Badala yake anachagua hotuba za James Fordyce za kuwaadilisha wanawake vijana, zilizotoka mwaka 1766. Kwa maoni ya mwandishi wa insha hii, hapo ndipo Austen anapojibu kwa ufupi zaidi dharau dhidi ya wasomaji wa riwaya: anayezidharau ndiye atakayeirithi nyumba yao.

Dharau hiyo ilidumu kuliko sheria. Kampuni ya Mills & Boon, iliyoanzishwa London mwaka 1908 ikichapisha vitabu vya kila aina, ilielemea kwenye riwaya za mapenzi katika miaka ya 1930, ikiuza zaidi kwa maktaba za kukodisha vitabu kwa senti chache. Mwaka 1971 ilinunuliwa na Harlequin ya Kanada, na vitabu vikaenea duniani. Wahakiki waliendelea kuvitaja kwa kejeli hadi Janice Radway, katika utafiti wake wa 1984, alipochukua hatua iliyopaswa kuwa ya kwanza: aliwauliza wasomaji. Wanawake aliozungumza nao katika mji mmoja wa Marekani walimweleza kwamba tendo lenyewe la kusoma liliwapa saa ambayo mume na watoto hawakuwa na haki nayo. Radway hakuwasifu tu. Alijiuliza kama saa hiyo haikuwasaidia kuvumilia hali ambayo wangeweza kuipinga. Swali hilo ni zito, lakini linaiacha kando hadithi yenyewe inachosema kuhusu mali.

Sheria nayo ilibadilika polepole. Sheria za Bunge za 1870 na 1882 zilimpa mke haki ya kumiliki mapato na mali yake. Mageuzi ya sheria ya ardhi ya 1925 yaliudhoofisha sana mfumo wa mashamba yaliyofungwa, na sheria ya 1996 ikazuia kuundwa kwa vifungo vipya vya aina hiyo. Mwandishi aliyetaka kutumia mtindo wa Austen baada ya hapo alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kurudi nyuma: Georgette Heyer, kuanzia Regency Buck ya 1935, aliiweka hadithi ya mapenzi katika enzi ya Austen pamoja na magari yake ya farasi na dansi zake, na akafungua tanzu ambayo bado inauzwa. Katika njia hii urithi hubaki, lakini haumtishi tena msomaji. Umekuwa sehemu ya mavazi.

Njia ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Bridget Jones's Diary ya Helen Fielding, iliyotoka mwaka uleule wa 1996, inamhamishia Darcy katika London ya wanasheria na wachapishaji. Bridget ana mshahara na mahali pa kuishi, na hakuna Collins atakayemtoa. Fielding ameweka mahali pa urithi aibu ya kuwa peke yake baada ya miaka 30, inayopimwa kila asubuhi kwa uzani wa mwili na idadi ya sigara. Riwaya inachekesha kwa haki, lakini msingi wake ni mwepesi kuliko ule wa Austen: Bridget asipoolewa atahuzunika tu. Elizabeth angeweza kukosa pa kulala.

Uzito huo unarudi katika kazi za waandishi walioandika nje ya tabaka la Fielding. Katika Ayesha at Last (2018) ya Uzma Jalaluddin, iliyowekwa miongoni mwa Waislamu wa Toronto, kinachotishiwa ni riziki ya mwanamume: Khalid anasumbuliwa kazini kwa sababu ya kanzu na ndevu zake. Ibi Zoboi, katika Pride ya mwaka huohuo, anafika karibu zaidi na Longbourn. Zuri Benitez na dada zake wanne wanaishi Bushwick, Brooklyn, katika nyumba ya kupanga, huku matajiri wakinunua mtaa jengo kwa jengo. Familia ya Darcy, Weusi kama wao, inahamia ng'ambo ya barabara. Mwenye jengo anapofariki, mali inamwangukia mpwa wake Colin, naye anaamua kuliuza. Hakuna sheria iliyowafunga mabinti hawa kwa sababu ya jinsia yao. Wanatolewa na soko, na Collins amebaki na kazi yake ileile.

Soniah Kamal, katika Unmarriageable (2019), alikuwa na tatizo tofauti. Riwaya yake imewekwa Pakistani, ambako mirathi ya Waislamu hufuata sheria yao, na binti ana fungu lake. Kufunga shamba kama Longbourn kusingeaminika. Kwa hiyo familia ya Binat inapoteza mali kwa njia ambayo msomaji wa Lamu au Tanga hahitaji kufafanuliwa: ndugu wa baba anawadhulumu. Sheria ipo, fungu limetajwa, na nyumba imekwenda. Alys, binti wa pili, anafundisha fasihi ya Kiingereza katika shule ya wasichana, na mwanzoni mwa riwaya anawapa wanafunzi wake kazi ya kuiandika upya, kila mmoja kwa namna yake, sentensi ya kwanza ya Austen.