Malale: Jina Moja, Maradhi Mawili

Katika toleo hili tunalitazama neno malale, yaani ugonjwa wa usingizi unaoenezwa na mbung'o. Kamusi zetu hutoa jina moja, ilhali Uganda ina maradhi mawili. West Nile, kuanzia Dadamu na Arua hadi Koboko, yanajulikana malale ya gambiense, ambayo huenda polepole kwa miaka. Busoga, kusini-mashariki, kuna ya rhodesiense, ambayo huweza kuua kwa miezi. Kwa muda mrefu dawa zake zilikuwa tofauti, lakini chini ya hadubini vimelea vyake hufanana kama shilingi kwa ya pili.

Mwaka 1998 rhodesiense ilizuka Soroti, ikihusishwa na ng'ombe waliotolewa kusini. Umbali kati ya maradhi hayo ukapungua. Je, vimelea vikikutana ndani ya mbung'o, vitazaana?

Chombo cha kujibia kilitoka baharini. Mwaka 1962 Osamu Shimomura alitenga protini ya kijani inayong'aa kutoka kwa yavuyavu, ambaye wengine humwita konyeza. Mwaka 1994 Martin Chalfie na wenzake walionyesha kuwa jeni ya protini hiyo ikitiwa katika kiumbe kingine, seli zilizokusudiwa hung'aa.

Mwaka 2008, Wendy Gibson wa Bristol, Uingereza, alieleza jinsi mbung'o wa maabara walivyolishwa vimelea vya brucei, vyekundu na vya kijani. Katika tezi za mate vikaonekana vya manjano: uzao wa mchanganyiko. Mwaka 2011 yeye na wenzake walitia mng'ao kwenye protini za seli zinazojiandaa kuzaana tu. Seli hizo zikajulikana.

Rhodesiense nayo huweza kuchanganyika hivyo na brucei wa mifugo. Kuhusu gambiense, uchunguzi wa jeni wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa aina yake kuu imeishi maelfu ya miaka bila kujamiiana.

Tangu 2011 vitambaa vidogo vya buluu vyenye dawa vilisimikwa kando ya mito ya West Nile kuua mbung'o. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa gambiense si tena tatizo la afya ya jamii Uganda. Uthibitisho huo hauihusu rhodesiense. Anayefundisha kuwa "malale yamekwisha" amesema nusu tu. Tunawashauri walimu wenzetu wataje daima: malale ya gambiense, au malale ya rhodesiense.