Mark II: Sedani ya Bosi wa Tokyo Iliyogeuka Gari la Baba wa Sinza

Ukitaka kuanzisha ubishi kijiweni bila hata kutaja Simba na Yanga, sema tu kwamba Mark II ni gari la wazee. Utapata watu. Kuna atakayekwambia GX100 ndiyo gari la mwisho la kweli kutoka Toyota. Kuna atakayecheka aseme linakunywa mafuta kama limetoka jangwani. Na kuna mmoja amekaa pembeni, ndugu yake aliuziwa moja ikaua injini kabla hata hajamaliza deni. Huyo hachangii, anatikisa kichwa tu.

Wote watatu wana hoja. Ila story ya gari hili inaanzia mbali na kijiwe, na ukiijua utaelewa kwa nini kitu kilekile kilisifiwa Tokyo kwa sababu moja, na Dar kikasifiwa kwa sababu nyingine kabisa.

Mwaka ni 1968. Toyota wanatoa Corona Mark II. Chini yake kuna Corona ya kawaida, juu yake kuna Crown, gari la wakubwa. Katikati kuna pengo, na ndani ya pengo hilo kuna mtu: mfanyakazi wa ofisini aliyepanda cheo, hawezi tena kuonekana kwenye gari la karani, lakini akinunua Crown bosi wake atamuuliza kwa macho. Mark II ilitengenezwa kwa ajili ya huyo. Haikuwa gari la tajiri, ilikuwa gari la mtu anayepanda ngazi.

Biashara ikanoga. Mwaka 1977 ikaja Chaser, 1980 ikaja Cresta. Wengi kitaani wanadhani ni magari matatu tofauti. Ukweli ni kwamba Toyota ilikuwa na mitandao tofauti ya maduka nchini Japani, na kila mtandao ulitaka sedani yake ya kuuza. Pilau moja, sahani tatu. Ndiyo maana hadi leo fundi akikosa spea ya Cresta anachukua ya Mark II na maisha yanaendelea.

Kisha zikaja pesa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Japani ililewa. Viwanja vilipanda bei kama wehu, na soko la hisa la Tokyo likafika kileleni Desemba 1989. Katikati ya sherehe hiyo, mwaka 1988, ikatoka Mark II ya X80, na Wajapani waliyaita magari ya aina hii "haisoka", yaani gari la watu wa daraja la juu. Rangi ilikuwa nyeupe. Ndani, viti vya kitambaa laini kama mahameli, na injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja.

Hizo silinda sita ndizo siri ya gari. Zikiwa kwenye mstari mmoja, mitikisiko yake hujifuta yenyewe kwa yenyewe, kwa hiyo injini inazunguka kimya. Mnunuzi wa gari jipya wakati ule hakuuliza litadumu miaka mingapi. Aliuliza: linatulia? Viti vinabembeleza? Jirani ataona? Akaridhika, akasaini.

Kodi nayo ilikuwa na mkono kwenye umbo la gari. Japani ilikuwa na mstari: ukizidi upana wa meta 1.7, au urefu wa meta 4.7, au injini ya cc 2000, unahamia namba ya daraja la juu. Kabla ya 1989, kuvuka mstari huo kulimaanisha kodi ya mwaka ya yeni 81,500, wakati aliyebaki ndani na injini ya lita mbili alilipa 39,500. Zaidi ya mara mbili! Ndiyo maana X80 ina upana wa milimita 1,695. Ilikuwa imebana pumzi. Mwaka 1989 kodi zikarekebishwa, na X90 ilipotoka 1992 ikaachia mkanda: milimita 1,750. Lakini kodi iliendelea kuhesabiwa kwa ukubwa wa injini, kwa hiyo ile ya 1G ya cc 1988 ikaendelea kuuzwa kwa watu wenye hesabu. Iweke kichwani namba hiyo, 1988, itarudi.

Mwaka 1996 inatoka X100, ile ambayo vijana wa Dar, Mwanza na Arusha wanaiita GX100 kama jina la ubatizo. Milango haina fremu za vioo, paa liko chini, milimita 1,400 tu kutoka ardhini. Ikisimama unadhani inakimbia. Chaser yenye turbo ya 1JZ ndiyo iliyokuja kuwa mfalme wa drift, nguvu za farasi 280 kwenye karatasi. Picha zake zimejaa kwenye simu za vijana ambao hawajawahi hata kukaa ndani ya moja.

Sasa weka familia humo. Mtu mrefu akikaa nyuma, kichwa kinakaribia dari. Toyota wenyewe waliliona, maana X110 ya mwaka 2000 iliinuliwa hadi milimita 1,460, ikarudishiwa fremu za milango, ikawa fupi kidogo kwa urefu lakini ikapata nafasi zaidi ndani. Kitaa kikaguna, kikasema limekuwa gari la mwalimu mkuu. Kwa gari la familia, kitaa kilikosea. GX110 ndiyo Mark II iliyotengenezwa na watu waliokumbuka kwamba nyuma hukaa bibi na watoto.

Chukulia sasa baba mmoja wa Nagoya aliyenunua yake mpya mwaka 2001. Kila miaka miwili, baada ya ile mitatu ya mwanzo, analipeleka kwenye ukaguzi wa serikali, na ukaguzi una bei yake. Huko nyuma ilikuwa mbaya zaidi, maana hadi 1995 gari lililozidi miaka kumi lilikaguliwa kila mwaka. Likifika miaka 13 kodi inapanda. Muuzaji anamwambia kwa upole kwamba gari lake halina tena thamani. Anapokea hela kidogo, anashukuru, anainama, anaondoka. Gari bado linatembea vizuri tu. Huko limeshahesabiwa mzee.

Usiku huohuo lina karatasi ya mnada. Karatasi hii ndiyo tathmini ya kweli kuliko tangazo lolote utakalosoma mtandaoni. Kuna alama ya jumla: 4 ni zuri, 3.5 limetumika kama binadamu, R limewahi kugongwa likatengenezwa. Kuna mchoro wa bodi wenye herufi: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa ikapigwa rangi, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa. Na kilometa zimeandikwa hapo, kabla hazijakutana na mtu yeyote mwenye laptop.

Kwa nini liishie kwetu? Usukani kwanza. Japani wanaendesha kushoto, na Tanzania, Kenya na Uganda vilevile. Halafu sera. Mwaka 1984 serikali ya Tanzania iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, na mlango uliofunguka hapo haukufungwa tena. Kenya ikaenda njia yake: gari likizidi miaka minane haliingii. Ndiyo maana Nairobi iliiaga GX100 mapema na kuhamia Mark X, wakati Tanzania iliendelea kupokea wazee kwa masharti kwamba walipe ushuru wa ziada wa uchakavu. Na unakumbuka cc 1988? Ushuru wa bidhaa Tanzania nao una mstari kwenye cc 2000, ukivuka unalipa asilimia kubwa zaidi. Injini iliyochongwa kukwepa kodi ya Tokyo ikaja kumwokoa mtu Dar es Salaam, bila aliyeichora kuwazia hilo hata siku moja.

Basi likawa gari la kila kitu. Teksi nyeupe zenye mstari wa rangi, gari la harusi lenye riboni, gari la msibani. Mjapani alilipenda kwa sababu linatulia. Mbongo akalipenda kwa sababu fundi yeyote chini ya mwembe anaijua injini ya 1G, na spea ukizikosa Gerezani basi hukuzitafuta.

Sasa kijana wa Sinza. Jina lake si la muhimu. Ana akiba ya miaka mitatu, watoto wawili, na mama anayehitaji kupelekwa kliniki kila mwezi. Bodaboda haiwezekani tena. Ameona tangazo: "Mark II GX110, namba C, full AC, injini haijaguswa, kilometa 78,000, bei maelewano." Picha zinang'aa. Dalali anamwita "boss" kila baada ya maneno mawili.

Anakwenda na fundi wa familia, mzee asiyeongea sana. Mzee hakuangalia rangi. Aliweka kiganja juu ya boneti: ya moto. Gari lilikuwa limewashwa kabla hawajafika. Akafungua mlango, akatazama raba ya pedali ya breki. Imelika hadi chuma kinachungulia. Usukani umelainika kama sabuni iliyotumika. Kilometa 78,000 hazili pedali hivyo. Akauliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, dalali akasema "huo bado mpya kabisa boss". Risiti? Hakuna. Toyota wanataka ubadilishwe kila kilometa 100,000, na kwenye 1G ya BEAMS iliyomo ndani ya GX110, mkanda ukikatika vali hugonga pistoni. Hapo hununui tena mkanda, unanunua injini.

Mzee akasema jambo moja: "Mwanangu, tutarudi kesho alfajiri, na mtu asiliwashe."

Dalali akakunja uso. Akasema kuna mteja mwingine kutoka Mbagala anakuja na cash jioni hiyohiyo. Mteja wa Mbagala yupo kwenye kila biashara ya gari mjini, na sijui kwa nini, haonekanagi.

Alfajiri gari lilikuwepo. Likawashwa baridi. Sekunde chache za kwanza, moshi wa bluu ukatoka nyuma, ukatulia, ukapotea. Bluu maana yake oili inaungua, pengine raba za vali zimechoka, pengine ringi za pistoni zimelegea. Injini ikiwa ya moto moshi ule unaweza usiuone kabisa. Wakati huo mzee akatia giaboksi kwenye D akiwa amekanyaga breki, akahesabu. Gia ilichelewa, kisha ikapiga kishindo. Akazima, akarudisha ufunguo, akasema asante.

Ni rahisi kumwambia kijana achukue tu kitu kipya. Kipya kipi? Sedani mpya ya saizi hii kwa bei ya muuzaji rasmi, pamoja na ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT juu yake, ni hesabu ya taasisi au ya mtu mwenye nyumba ya kupangisha. Na hata Japani kwenyewe ukoo unaisha. Cresta na Chaser zilikufa 2001. Mark II ikawa Mark X mwaka 2004, na Mark X ikazimwa Desemba 2019. Camry iliacha kuuzwa sokoni kwao mwishoni mwa 2023. Baba wa Nagoya siku hizi ananunua gari refu la kupanda, kama mtu wa Masaki na Harrier yake. Usipouzwa mpya huko, mtumba wake hautafika huku.

Mark X basi? Nzuri, haina ubishi, na ina cheni badala ya mkanda. Lakini ya lita 2.5 ina cc 2499, imevuka mstari wa ushuru, na injini yake ya V6 inapuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, kitu kinachotaka petroli safi na fundi aliyesoma. Kwa kijana asiye na familia, sawa, maisha ni yako. Upande wa pili wapo wenye IST, ambao walishinda mji mara tu teksi za mtandao zilipoingia Dar mwaka 2016, kwa sababu lita ya mafuta haidanganyi. Ila mpeleke mama mwenye maumivu ya mgongo kwa IST kutoka Sinza hadi Chalinze, halafu urudi mzungumze.

Wiki tatu baadaye kijana alipata GX110 nyingine, Tabata, ya mwalimu mstaafu. Rangi imepauka juu ya paa, bampa la mbele lina mkwaruzo ambao hakuna aliyejisumbua kuuficha. Redio haishiki. Kwenye dashibodi kulikuwa na bahasha ya khaki yenye risiti za oili, mkanda wa taimingi pamoja na pampu ya maji, na nakala ya karatasi ya mnada iliyokunjwa mara nne: alama 3.5, kilometa 112,000 siku inauzwa Japani. Sasa inasoma 231,000. Fundi aliliwasha baridi, akazunguka nyuma, akasimama pale muda mrefu mikono mgongoni.

Halafu akauliza kama AC inafanya kazi.