Minara, vishikwambi na mabonde ya mpunga: Unguja ilivyoisaka malaria

Paa nunga, yule mnyama mdogo mwenye haya wa msitu wa Jozani, kitaalamu anabeba jina la mtu aliyeandika pia habari za mbu. Dk. W. Mansfield Aders alikuwa mwanabiolojia wa Serikali ya Zanzibar zama za ukoloni, na mwaka 1917 alichapisha makala juu ya wadudu wanaomdhuru binadamu na mifugo visiwani. Enzi hizo, anayetaka kumjua mbu alikwenda mwenyewe kumtafuta alikozaliwa: visimani, kwenye mapipa, kwenye madimbwi ya masika. Ulihitaji macho, kata ya kuchotea maji na daftari.

Karne moja baadaye kazi ni ileile, ila macho yamepelekwa angani na daftari limeingia kwenye simu. Safari ya kutoka huko kuja huku haikunyooka. Unguja ilikaribia kuishinda malaria mara moja kabla ya zama za kompyuta, kisha ikaiachia irudi.

Ilikuwa hivi. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Shirika la Afya Duniani lilianza kampeni ya kuitokomeza malaria Unguja na Pemba. Wapiga dawa walipita nyumba hadi nyumba wakipuliza kuta, na vijana wa maabara walipita nyuma yao wakichukua matone ya damu na kuyatazama kwa hadubini. Ugonjwa ukanywea. Mwaka 1968, kwa kuwa hatari ilionekana imepita, kampeni ikasitishwa, na haikuchukua miaka mingi malaria ikarudi kwa kishindo. Wamarekani wakaja na fedha zao kati ya 1984 na 1989, kuta zikapulizwa tena, kwa dawa ya DDT, lakini mara hii mbu walikuwa wameizoea. Wazee wa mtaa wa Ng'ambo, mjini, waliokuwa watu wazima wakati huo hawaisahau harufu ya dawa ile ukutani, wala homa iliyofuata.

Mageuzi yalikuja mwaka 2003, Zanzibar ilipoachana na klorokwini na kuingiza dawa mseto zenye artemisinini. Mwaka 2006 vikafuata vyandarua vyenye dawa ya kudumu, na upuliziaji mpya wa majumbani. Matokeo ya zile dawa mseto, kabla hata ya vyandarua hivyo, yalipimwa kwa makini katika Wilaya ya Kaskazini A, Unguja, na watafiti wa Zanzibar wakishirikiana na wenzao wa Sweden: vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano vilishuka kwa asilimia 52 kati ya 2002 na 2005. Ni takwimu ya kufurahisha kwa yeyote aliyewahi kukesha na mtoto mwenye homa. Kufikia mwisho wa muongo ule, kati ya watu mia waliopimwa damu, hata mmoja alikuwa nadra kuonekana na vimelea.

Hapo ndipo lilipozuka tatizo ambalo dawa peke yake haikuweza kulimaliza. Malaria ikiwa kila mahali, huna haja ya kuitafuta. Ikishapungua, kila mgonjwa ni habari, na habari ikichelewa inakuwa haina faida. Taarifa za vituo vya afya zilikuwa zikiandikwa kwenye rejista za karatasi, zinajumlishwa mwisho wa mwezi, zinapelekwa wilayani, kisha mjini. Hadi mtu wa mjini ameshtuka kwamba kijiji fulani cha kusini kimeanza kuugua, mbu wa kijiji hicho wameshazaa na kuzaa tena.

Mwaka 2008 ukaanza mfumo wa kugundua mapema mlipuko wa malaria, uliojulikana kwa kifupi chake cha Kiingereza, MEEDS, katika vituo 10 tu. Ulikuwa mwepesi mno, na kwa maoni yangu wepesi huo ndio uliouokoa. Haukuhitaji kompyuta, wala umeme wa uhakika, wala intaneti. Mara moja kwa wiki muuguzi alichukua simu ya kawaida, ile ya vitufe, akabonyeza namba kama anayetaka kujua salio, na menyu ikamjia kwenye kioo. Akaingiza hesabu zake: wagonjwa wote waliokuja kutibiwa, waliopimwa malaria, waliokutwa nayo, walio chini ya miaka mitano peke yao, waliozidi hapo peke yao. Akatuma. Upande wa pili mashine ilipokea, ikachora grafu, na wakubwa wa mpango wa malaria wakapata ujumbe kwenye simu zao. Kituo kikipanda ghafla kilionekana wiki ileile. Miaka iliyofuata mfumo ukasambazwa Unguja na Pemba nzima.

Mwaka huohuo wa 2008 simu zilifanya kazi nyingine, na safari hii wenye simu hawakuwa na habari. Swali lililowasumbua wataalamu lilikuwa bahari. Je, malaria inayobaki inazaliwa hapahapa, au inashuka kutoka bara pamoja na abiria wa boti, katika bandari ya Malindi mjini Unguja? Kwenda kumuuliza kila abiria haiwezekani, na mtu anayeulizwa amelala wapi mwezi uliopita hujibu anavyokumbuka. Lakini kila simu inapopigwa, mnara ulioipokea huandikwa. Mtu aliyepiga leo kupitia mnara wa Mji Mkongwe, kesho kupitia wa Dar es Salaam na wiki ya pili yake akarudi kwenye mnara wa Mji Mkongwe, amesimulia safari yake bila kufungua kinywa.

Mtaalamu wa jiografia wa Uingereza, Andrew Tatem, pamoja na wenzake walipata rekodi za kampuni ya simu ya Zantel za miezi mitatu, Oktoba hadi Desemba 2008, za wateja zaidi ya laki saba, zikiwa zimeondolewa majina na namba. Utafiti ulichapishwa mwaka 2009. Walichokuta ni kwamba wengi hawakutoka visiwani kabisa kwa muda wote huo. Waliotoka, wengi walikwenda Dar es Salaam kwa siku chache, mahali ambapo malaria si nyingi kama ilivyo mikoa mingine ya bara. Hatari ilikuwa kwa kikundi kidogo cha watu waliokwenda mbali zaidi na kukaa sana.

Utafiti wa pili, wa mwaka 2011, ukachanganya rekodi hizo na takwimu za abiria wa boti, na ukatoa jibu lililowaudhi baadhi ya watu. Kwa makadirio yake, wakazi wa Zanzibar wenyewe, wale wanaokwenda bara na kurudi, huenda waliingiza malaria mara moja hadi 15 zaidi ya wageni walioambukizwa. Sisi tuliozoea kusema ugonjwa huletwa na watu wa kuja tulipaswa kuusoma utafiti ule mara mbili. Hata hivyo jambo moja lisipitwe haraka: watu laki saba na ushei walifanywa kipimo cha kitaifa bila mmoja wao kuombwa ruhusa. Majina yaliondolewa, ni kweli. Lakini safari ya mtu nayo ni aina ya jina, hasa katika kisiwa ambacho kila mtu anamjua mwenzake.

Kujua kwamba kikundi fulani kina hatari si sawa na kubisha hodi kwa mtu. Kazi hiyo iliangukia mfumo uliofuata, ulioanza mwaka 2012 chini ya mpango wa malaria wa Zanzibar, kwa msaada wa fedha za Marekani na utaalamu wa shirika la RTI. Waliubatiza Coconut. Ulitengenezwa kwa programu huria, na ulikaa ndani ya kishikwambi. Sifa yake kubwa ni kwamba uliweza kufanya kazi pasipo mtandao: afisa anajaza fomu kijijini, kishikwambi kinahifadhi, na akirudi penye mtandao kinapeleka chenyewe. Anayezijua njia za ndani za Unguja, ambako mtandao unakuja na kuondoka, ataelewa kwa nini jambo dogo hilo lilikuwa kubwa.

Kwa ufupi kazi inakwenda hivi. Kituo cha afya kikipata mgonjwa mmoja, muuguzi anatuma taarifa kwa simu. Afisa wa ufuatiliaji malaria wa wilaya anapata ujumbe, anapanda pikipiki, anafika kituoni kuchukua maelezo, kisha anakwenda nyumbani kwa mgonjwa. Anauliza: nani amelala humu jana, nani ametoka bara karibuni, chandarua kipo, nyumba ilipulizwa dawa lini. Anawatoboa vidole waliopo mmojammoja, tone la damu linaingia kwenye kipimo cha haraka, matone ya maji ya kipimo yanafuata, na wote wanakaa barazani wakisubiri kama robo saa hivi. Mstari mmoja, huna. Miwili, unayo, na dawa unapewa palepale. Kishikwambi kinachukua alama ya mahali kwa setilaiti, na nyumba ile inageuka nukta kwenye ramani.

Nukta hizo zilipoongezeka mwaka hadi mwaka ndipo Zanzibar ikawa miongoni mwa mahali pachache Afrika ambapo mgonjwa wa malaria anaweza kuonyeshwa kwenye ramani hadi mlangoni kwake.

Mfumo mzuri, lakini kipimo chenyewe kina upofu wake. Watafiti wa Taasisi ya Karolinska ya Sweden na wale wa taasisi ya tropiki ya Uswisi, pamoja na wenzao wa Wizara ya Afya Zanzibar, walichukua damu ya watu walewale wa nyumba zinazotembelewa na kuipima kwa njia za maabara zinazotafuta vinasaba vya kimelea. Wakakuta kwamba kipimo cha haraka kinawakosa wengi. Mtu anaweza kuwa na vimelea vichache sana, haumwi, analima, anavua, na mbu akimuuma anaondoka navyo. Afisa amekuja, amepima, ameandika hakuna, ameondoka, na malaria imebaki sebuleni.

Ikiwa kimelea kinajificha ndani ya mtu, basi labda afuatwe mbu. Na hapa Unguja ilikuwa na bahati, kwani mwaka 2016 visiwa vilianza kupigwa picha upya kwa ndege zisizo na rubani. Kamisheni ya Ardhi, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Benki ya Dunia walishirikiana katika mradi wa ramani ambao marubani wake walikuwa vijana wa hapahapa. Vindege vyepesi vya mabawa vilirushwa kwa mkono na kupiga maelfu ya picha zinazopishana, kisha kompyuta ikazishona kuwa picha moja unayoweza kuhesabu ndani yake mapaa ya nyumba. Mwaka 2018 picha hizo zikatumika katika shindano la kimataifa la kuifundisha kompyuta kutambua majengo: yaliyokamilika, yasiyokamilika, na misingi mitupu. Kwa Unguja, ambako nyumba inaweza kubaki msingi miaka kumi mwenyewe akitafuta saruji, aina hiyo ya tatu ilikuwa lazima.

Wakati huohuo Andy Hardy wa Chuo Kikuu cha Aberystwyth, Wales, alikuwa na swali dogo zaidi. Pamoja na mpango wa malaria wa Zanzibar alirusha droni ya dukani, Phantom 3, juu ya mabonde ya mpunga. Mbu wa malaria hupenda maji yaliyotulia yenye jua, na bonde la mpunga lililofurika ni pepo yake. Kulikagua bonde kama hilo kwa miguu ni kushinda kutwa nzima ndani ya tope. Droni ilipiga picha hekta 30 kwa dakika 20 hivi. Utafiti ulitoka mwaka 2017.

Kuyaona maji kukazaa wazo la kuyatibu. Novemba 2019, timu ya mtaalamu wa mbu Mholanzi, Bart Knols, iliingia mabonde ya Cheju, Wilaya ya Kati, na droni ya kilimo, kubwa, yenye tangi na vinyunyizio. Haikubeba sumu. Ilibeba kimiminika kiitwacho Aquatain, chenye asili ya silikoni, ambacho kikigusa maji hutambaa na kuwa utando mwembamba usioonekana. Kiluwiluwi cha mbu hupanda juu kuvuta hewa. Akikuta utando, hawezi kushika uso wa maji, na huzama akafa. Mbu hana namna ya kuizoea sumu ambayo haipo. Waliokumbuka DDT ya miaka ya 1980 walielewa haraka uzuri wa jambo hilo. Mbu walioweza kuchomoza kutoka mashamba yaliyonyunyiziwa walipungua sana.

Hata hivyo utando haukai milele. Baada ya wiki kadhaa huisha, na Cheju hulimwa kwa umwagiliaji, maji yanaingia na kutoka. Kila msimu wa mpunga unataka safari nyingine ya droni, rubani mwenye kibali, betri, mafuta ya jenereta ya kuzichaji na fedha za Aquatain yenyewe.

Mwishoni mwa 2023 na kuingia 2024, baada ya vuli yenye mvua nyingi, malaria ilipanda tena Unguja kwa kiwango ambacho hakijaonekana kwa miaka. Mifumo haikulala; namba zilionekana zikipanda wiki kwa wiki. Ila mfumo uliojengwa juu ya ziara ya afisa mmoja kwa kila mgonjwa una hesabu yake ngumu. Wagonjwa watatu kwa wiki katika wilaya, pikipiki moja inatosha. Wakiwa thelathini, afisa yuleyule, mwenye kishikwambi kilekile, anaamka asubuhi na orodha ya nyumba ambazo hata akiacha kula hawezi kuzimaliza, na kila nyumba aliyoiruka ni watu ambao damu yao haijapimwa.