Mkazo wa Ateri Si Kuziba

Uvimbe wa ateri ukipasuka ndani ya kichwa, damu humwagika chini ya utando uitwao araknoidi na kuzizunguka ateri za ubongo kwa nje. Mgonjwa aweza kuvuka siku za kwanza, akazungumza, akala. Kisha, kati ya siku ya 4 na ya 14 hivi, maneno yanaanza kumpotea au mkono unalegea, na kipimo hakionyeshi damu mpya. Mara nyingi ateri zimejibana zenyewe, kwa kuwa himoglobini ya damu inayovunjika imechokoza misuli ya kuta zake. Madaktari huita hali hiyo vasospazimu.

Kwa Kiswahili wengi husema "mishipa imeziba" au "imesinyaa". Yote mawili yanapotosha. Kinachosinyaa kimekauka au kimeisha nguvu, ilhali msuli huu unatumia nguvu zake zote. Msuli hukaza, na kilichokaza huweza kulegea. Mkazo huu kwa kawaida huachia baada ya wiki mbili au tatu. Napendekeza "mkazo wa ateri za ubongo". Nasema ateri kwa sababu "mshipa" umebebeshwa mengi: vena, neva, hata ngiri.

"Kuziba" tuliachie bonge la damu, nalo ni hatari ya pili ya mgonjwa huyuhuyu. Akilala muda mrefu, damu huweza kuganda katika vena za miguu, bonge likang'oka na kwenda kuziba mapafu. Kinga yake ni mashine za hewa zinazobana miguu, kumwinua kitandani mapema inapowezekana, na heparini kwa dozi ndogo, ambayo kwa kawaida husubiri hadi uvimbe uliopasuka uwe umefungwa kwa klipu au koili. Ndugu aliyeambiwa kwamba mishipa ya ubongo "imeziba" ataomba dawa ya kuzuia damu kuganda, au atampa mgonjwa aspirini kimyakimya. Dawa hizo hazilegezi mkazo, na ikiwa uvimbe haujafungwa, zinaweza kuufanya uvuje damu tena.

Dawa ya upande wa ateri ni nimodipini, miligramu 60 kila saa 4 kwa siku 21. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1989 ulionyesha kuwa inapunguza kufa kwa sehemu za ubongo. Ajabu ni kwamba katika picha haizipanui ateri kwa kiasi cha kueleza faida hiyo, ilhali dawa nyingine, klazosentani, iliyopunguza mkazo waziwazi, haikuboresha hali za wagonjwa katika majaribio yake makubwa. Tayari mwaka 2010 wataalamu walikuwa wamependekeza mkazo utenganishwe na madhara yake, yaani ubongo kukosa damu siku kadhaa baadaye. Hapa mfasiri asikimbilie "upungufu wa damu", maana hiyo ni anemia, ambayo mgonjwa huyu anaweza kuwa nayo pia. Afadhali "iskemia ya baadaye".