Kipupwe cha Kwanza: Historia ya Kuwarudisha Nguva Majini Florida

Katika mwambao wa Afrika Mashariki jina nguva ni la mnyama wa baharini mwenye mkia uliogawanyika panda kama wa nyangumi, ilhali nguva wa Florida, nchini Marekani, ni jamaa yake wa mbali mwenye mkia wa mviringo kama kafi pana, anayeishi baharini na mitoni, na ambaye hudhoofika hata kufa akikaa muda mrefu katika maji yaliyo chini ya nyuzi 20 za Selsiasi. Florida ilimlinda kwa sheria tangu mwaka 1893, lakini kazi ya kuwatibu majeruhi wa pangaboi za boti na kuwalea watoto waliofiwa na mama zao ilishika kasi katika miaka ya 1970.

Kumtibu kulikuwa nusu tu ya kazi, kwa kuwa aliyerudishwa majini alitoweka machoni pa waliomuuguza. Mawimbi ya redio hayapenyi maji ya chumvi, na nguva hana shingo ya kufungwa kola. Kwa hiyo watafiti walimvisha ukanda kwenye shina la mkia, wakaufunga kamba ya nailoni inayovuta boya dogo lenye kirusha-mawimbi, na katikati ya miaka ya 1980 setilaiti zikaanza kupokea ishara za boya hilo kila lilipoibuka. Katika kamba hiyo waliweka, kwa busara inayostahili sifa, sehemu iliyo dhaifu makusudi, ili mnyama akinaswa kwenye mizizi ya mikoko ikatike yeye apone.

Maboya hayo yalifichua jambo chungu. Baadhi ya nguva waliozaliwa au kukulia kwenye matangi walikula vizuri kiangazi chote, kisha kipupwe kilipoingia hawakujua pa kukimbilia, kwa sababu njia ya kwenda kwenye chemchemi za maji ya uvuguvugu ni elimu ambayo mtoto huipata kwa kumfuata mama yake. Ndipo ilipoonekana heri kuwaachia wakati wa baridi wenyewe, katika chemchemi kama Blue Spring, ambako maji hubaki karibu na nyuzi 22 mwaka mzima na nguva wa porini hukusanyika kwa mamia, ili mgeni ajifunze kwa wenyeji.

Ufuatiliaji huohuo ulionyesha pia jinsi nguva anavyoweza kusafiri mbali: Chessie, dume aliyeokolewa katika ghuba ya Chesapeake mwaka 1994 na kurudishwa Florida kwa ndege, aliogelea mwaka uliofuata hadi jimbo la Rhode Island, mbali kaskazini, akiwa na boya lake, safari ambayo hakuna mtafiti aliyeitarajia. Mwaka 2021 dume huyohuyo aliokolewa tena akiwa mgonjwa, akatibiwa, akavishwa ukanda mpya na kuachiwa baharini.