Monte Carlo: Kamari ya namba iliyofumbua siri za atomi

WENGI wakisikia jina Monte Carlo hukumbuka kasino maarufu ya huko Monaco, mahali ambapo matajiri hucheza kamari. Kwa wanasayansi, hata hivyo, jina hilo ni la mbinu ya kukokotoa ambayo kwa zaidi ya miaka 70 imekuwa nguzo ya utafiti wa fizikia ya nyuklia na mekanika takwimu.

Mekanika takwimu ni tawi la fizikia linaloeleza tabia ya kitu kizima, kama vile joto na mgandamizo wa gesi, kwa kuangalia mwenendo wa jumla wa chembe zinazokiunda. Ugumu wake ni wingi wa chembe hizo. Sentimita moja ya ujazo ya hewa tunayovuta ina molekuli takriban bilioni 25 mara bilioni 1, na hakuna awezaye kuifuatilia kila moja.

Fizikia ya nyuklia nayo ina kitendawili kama hicho. Nyutroni inapoingia katika urani huweza kugonga kiini cha atomi na kudunda, huweza kumezwa, au huweza kukipasua kiini hicho na kuzaa nyutroni nyingine mbili au tatu. Kila hatua huamuliwa na bahati. Swali kubwa ni iwapo nyutroni zinazozaliwa zitazidi zile zinazopotea, kwa kuwa hapo ndipo penye tofauti kati ya kipande cha metali kilichotulia na mlipuko.

Karata za mgonjwa

Mwaka 1946 Stanislaw Ulam, mwanahisabati mzaliwa wa mji wa Lwów ambao sasa uko Ukraine, alikuwa akipata nafuu baada ya kuugua ugonjwa wa ubongo. Ili kupitisha muda alicheza karata za mtu mmoja, akajiuliza mchezo huo una uwezekano gani wa kufanikiwa. Hesabu ya kawaida ilikuwa ndefu mno. Ndipo alipowaza kwamba ingekuwa rahisi zaidi kuucheza mara 100, kisha kuhesabu ushindi.

Ulam alilifikisha wazo hilo kwa John von Neumann, ambaye mwezi Machi 1947 aliandika barua akieleza namna ya kulitumia kufuatilia nyutroni. Kompyuta ingechagua namba za nasibu na, kwa kuzifuata, kuiamulia kila nyutroni ya kubuni iende wapi na ipatwe na nini. Baada ya maisha ya nyutroni nyingi kufuatiliwa, wastani wake ungetoa jibu. Ni ule usemi wa wahenga, haba na haba hujaza kibaba.

Jina lilipendekezwa na Nicholas Metropolis, mwenzao katika maabara ya Los Alamos nchini Marekani, kwa sababu Ulam alikuwa na mjomba aliyependa kukopa fedha kwa ndugu ili aende Monte Carlo. Mwaka 1948 mahesabu ya kwanza yalifanyika katika ENIAC, kompyuta yenye uzito wa tani zipatazo 30. Klara von Neumann, mke wa John, alikuwa miongoni mwa walioandaa programu zake. Mahesabu hayo yalihusu silaha za nyuklia.

Aidha, Emilio Segrè alisimulia baadaye kuwa Enrico Fermi alikwisha kutumia njia ya namna hiyo kwa mkono huko Roma katika miaka ya 1930, bila kuichapisha.

Nani alistahili sifa?

Hatua iliyofuata ilikuja mwaka 1953, wakati watafiti watano walipochapisha makala kuhusu mkusanyiko wa chembe 224. Kanuni yao ni nyepesi: sogeza chembe moja kwa nasibu; nishati ikipungua, likubali badiliko hilo; ikiongezeka, likubali kwa nadra, kulingana na joto. Hatua hizo zikirudiwa mara nyingi, chembe huishia katika mpangilio unaolingana na ule wa maumbile.

Kanuni hiyo imepewa jina la Metropolis, ambaye jina lake lilitangulia kwenye makala. Hata hivyo, mwaka 2003 Marshall Rosenbluth, mmoja wa watano hao, alieleza kuwa mchango wa Metropolis ulikuwa kutoa muda wa kutumia kompyuta ya MANIAC tu. Programu iliandikwa na Arianna Rosenbluth, mwanafizikia aliyepata shahada ya uzamivu Harvard mwaka 1949 akiwa na umri wa miaka 21. Alifariki dunia Desemba 2020, wakati kazi yake ikitumika duniani kote chini ya jina la mtu mwingine.

Kutoka bomu hadi hospitali

Leo mbinu hii hutumika kusanifu vinu vya nyuklia na kuta za kuzuia mionzi. Katika tiba ya saratani, husaidia kukadiria kiasi cha mionzi kitakachofika kwenye uvimbe na kile kitakachoangukia viungo vyenye afya.

Mbinu hii ina gharama yake. Ili jibu liwe sahihi mara 10 zaidi, majaribio hayana budi kuongezwa mara 100. Isitoshe, wingi wa majaribio hauwezi kurekebisha takwimu za msingi zilizoingizwa vibaya: kompyuta italirudia kosa lile lile mara milioni, na kwa mgonjwa aliyelala chini ya mashine ya mionzi, hilo ni jambo la uhai na mauti.